Vitambaa vya Kaniki Kwenye Visiki

Mama mkubwa Hamisa hana mkorosho hata mmoja. Huku kwetu, kuanzia Mahurunga kushuka mpaka mtoni Ruvuma, mtu asiye na mkorosho msimu ukifika hana la kuzungumza. Wenzake wanasema dawa ya kupulizia imechelewa, wanasema mnada wa kwanza, wanasema magunia, na yeye anakaa pembeni anachambua kisamvu kama mgeni.

Aliwahi kuwa nayo. Mumewe, marehemu Shaibu, alikuwa na shamba kubwa upande wa barabara ya Kilambo, na miaka yote ya ndoa yao aliyelipalilia ni mama mkubwa. Shaibu alipofariki, wapwa zake walikuja kwenye arobaini, wakala pilau, wakanawa mikono, halafu wakasema mali ya mjomba inarudi kwa wapwa. Shehe aliyekuwapo akawaambia dini inampa mjane fungu lake. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba dini wanaiheshimu, ila shamba lile alilisafisha bibi yao mzaa mama, na cha bibi hakitoki nje ya tumbo la bibi. Mkubwa wao anaitwa Ismaili. Si mtu mbaya, Ismaili. Alipomaliza kusema hayo alimsaidia mama mkubwa kubeba masufuria.

Mama mkubwa hakwenda barazani wala mahakamani. Alichukua muo wake, ule mti mrefu wenye chuma bapa mbele, akaenda porini kuchimba ming'oko. Mimi niliishia darasa la tano, nikawa nafuatana naye. Ndivyo nilivyoyaona haya.

Asiye wa huku huenda haujui mng'oko. Ni kiazi cha porini, kirefu na chembamba kama kidole. Unachemshwa na maganda yake, unauzwa kwa sahani mpaka Mtwara mjini, na watu wanaugombania. Hakuna anayeupanda. Unajiotea wenyewe, kamba yake inapanda juu ya vichaka, na unachimbwa kiangazi kamba hiyo ikishakauka. Kwa hiyo mchimbaji kazi yake ni kusoma vitu vilivyokufa: kijiti hiki kikavu ni cha mng'oko, hiki sicho. Na wachimbaji wana adabu yao. Huchukui wote, kichwa cha kiazi unakiacha udongoni, na shimo unalifukia kwa mguu mpaka lilingane.

"Ukiacha shimo wazi," mama mkubwa huniambia, "umemtukana atakayekuja kesho. Na atakayekuja kesho ni wewe mwenyewe."

Mahali tunapochimba panaitwa Kwenye Visiki. Jina hilo si la zamani. Nilipokuwa na miaka minane ulikuwa msitu wa kijiji, una mininga, una mikongo, una mipingo. Watu wa mbao wakaja na mashine zao, wakakaa viangazi viwili. Mama mkubwa aliwapikia. Alikuwa anasonga ugali wa watu kumi na wanne, na kila mti ulipoanguka sufuria lilitikisika juu ya mafiga. Namnukuu: "Mwanzo nilikuwa nashtuka. Baadaye nikawa nashtuka ukipita muda bila mti kuanguka." Walipoondoka waliacha visiki, matawi na njia ya trekta. Miti mikubwa ilipotoka, jua likaingia, nyasi zikaota kumpita mtu, na kila mwaka moto ukapita. Watu wakasema pale pamekufa.

Mama mkubwa naye alisema hivyo, mpaka siku aliyokosea. Ilikuwa kiangazi, miaka minne iliyopita. Alikiona kijiti kikavu, hakifiki hata kalamu kwa unene, akadhani ni kamba ya mng'oko. Akachimba. Chuma kikagonga kitu. Akakwangua udongo akaona mzizi mnene kama mkono wa mtu, na pale muo ulipoukwaruza palikuwa panatoka utomvu mwekundu.

"Mninga," alisema. Alikaa chini kabisa, miguu ameinyosha. "Angalia huyu. Juu amejifanya maiti."

Tangu siku ile akawa anavitazama vile vijiti. Mvua zikija, vinatoa majani, vinafika magotini. Kiangazi kikija, vinakufa mpaka chini. Mwaka unaofuata tena hivyo hivyo. Mti unaota na kufa, unaota na kufa, na huku chini mzizi unanenepa. Alinionyesha mingi, karibu na visiki na mbali na visiki, mahali ambapo mbegu zake, zile za duara zenye nywele katikati, ziliangushwa na upepo. Hakumwambia mtu. Nani angeuliza?

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mwenyekiti wa kijiji Nassoro aliitisha mkutano. Alisema Kwenye Visiki pamekaa bure, vijana hawana mashamba, na wengi wanaomba pagawiwe wapande mikorosho. Ila kwa sheria ule bado ni msitu wa kijiji, kwa hiyo mwezi wa tisa atakuja afisa misitu kutoka wilayani kupakagua. "Akiona miti inarudi, tutaacha. Akiona hakuna kitu, tunagawa. Na wajane nao watapata vipande."

Pembeni yangu Tatu alimfinya mama mkubwa. Tatu ni mjane pia, mchimbaji mwenzake wa miaka mingi, wanapeana chumvi na kiberiti bila kuulizana. "Umesikia? Wajane! Shoga yangu, safari hii na sisi tutapulizia dawa."

Mama mkubwa akasimama. Sijawahi kumwona akisimama mkutanoni.

"Mininga ipo," alisema. "Ipo mingi. Iko chini."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama mininga siku hizi inaota kama karanga. Ismaili hakucheka, ila alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mkaza mjomba, kwa sababu wewe umekosa mikorosho, sasa unataka na sisi tukose?"

"Mkorosho una mwenyewe, Ismaili," mama mkubwa akamjibu. "Mwenyewe akiamka vibaya anakufukuza chini yake. Pale porini nani wa kunifukuza?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Basi mama, mwezi wa tisa utatuonyesha."

Njiani Tatu hakutembea na sisi.

Tatizo mama mkubwa alilijua kabla hajafika nyumbani. Mwezi wa tisa ni kiangazi. Mininga yake yote itakuwa imekufa juu, na katika nyasi zile nani atatofautisha kijiti na kijiti? Akaamua aitie alama sasa, ingali na majani. Alikuwa na kaniki yake kuukuu ya kuchimbia, nyeusi, imepauka mgongoni. Akaichana vipande vyembamba. Tulishinda siku tatu Kwenye Visiki, kila mche wa mninga tunaoukuta tunaufunga kitambaa chini, karibu na udongo. Vitambaa vilipokwisha vilikuwa sitini na kitu.

Mimi niliwaza jambo moja siku ile. Kitambaa cheusi, kimefungwa porini, na mjane, bila kumwambia mtu. Huku kwetu hata mtoto anajua kinasemaje kitambaa cha namna hiyo. Niliwaza hivyo na nikafunga fundo. Mimi si msemaji, na siku nyingine watu wanaona hiyo ni tabia nzuri.

Mvua za mwaka jana zilikatika mapema. Ming'oko ikawa haba. Mwezi wa saba mtu anachimba asubuhi nzima anapata ya kufunika chini ya kikapu tu. Wanawake wakaanza kuulizana kulikoni, na wakati wanaulizana wakaviona vitambaa.

Nilisikia kisimani. "Ameufunga msitu." "Nani?" "Si yule wa miti inayoota chini. Kaufunga, ming'oko yote inamsikiliza yeye." "Lakini na yeye kikapu chake kitupu." "Ndiyo ujanja wenyewe, huoni?" Nilipofika karibu, walianza kusifu ndoo yangu.

Nilimwambia mama mkubwa. Akaniuliza, "Tatu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alikuwa anachota."

Akaenda kwa Tatu mchana huo huo, nami nikamfuata. Alimkuta uani anaanika makopa. Akamweleza kila kitu: kijiti, mzizi, mwezi wa tisa, kaniki. Tatu alimsikiliza huku anageuza muhogo mmoja mmoja.

"Kwa nini nyeusi?" aliuliza Tatu.

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Hukuwa na kanga mbovu?"

"Kanga mbovu nimevaa, Tatu."

"Ungeniambia mimi, ningekupa nyekundu."

"Nyekundu si ndiyo mbaya zaidi!"

Tatu nusura acheke, niliona mdomo wake. Halafu akasema, "Mwanangu Pendo anaumwa wiki ya tatu. Na mimi nimepita pale kila siku, navikanyaga vitambaa vyako. Utaniambia ni mininga." Akarudi kwenye makopa yake. Hakutukaribisha tukae.

Moto ulianza baada ya swala ya adhuhuri, siku ya Jumatano, katikati ya mwezi wa nane. Tuliuona moshi kutoka nyumbani. Mama mkubwa alikimbia na tawi mkononi, mimi nyuma yake, lakini nyasi kavu kama zile hazizimwi na watu wawili. Tulisimama kwenye njia ya trekta. Sungura walikuwa wanatupita miguuni. Ukaungua upande wa juu wote, na wa chini nusu. Ulipopoa tulitembea ndani. Majivu, visiki vyeusi, na hakuna kitambaa hata kimoja. Vile vijiti pia havikuwepo.

"Mizizi?" niliuliza.

"Mizizi mizima. Imezoea." Alikuwa anapuliza mkono ulioungua alipokuwa anapiga moto kwa tawi. "Mimi ndiye sijui iko wapi."

Kila mtu alisema moto ni wa wawindaji. Moto hauna jina.

Wiki tatu baadaye afisa misitu akaja kwa pikipiki. Ni dada mmoja anaitwa Joyce, ana buti na futi ya kamba. Tulikwenda watu kama thelathini: mwenyekiti, wajumbe, vijana wanaotaka mashamba, Ismaili na jembe lake begani kama vile kazi inaanza leo. Na wanawake kadhaa, Tatu akiwa nyuma kabisa. Afisa alitembea, akapima hatua, akaandika. Aliuliza mwisho wa palipoungua uko wapi. Kila mahali alipotazama palikuwa peusi.

"Mama," alisema, "mwenyekiti ameniambia habari yako. Mimi sikubishii. Mninga una tabia hiyo kweli, tumesoma. Lakini ripoti inaandika kinachoonekana. Nionyeshe."

Mama mkubwa akaenda kwenye kisiki kimoja, akapima hatua nne, akapiga muo. Alichimba kwa haraka, si kama anavyochimba siku zote. Hakukuta kitu. Akasogea akachimba tena. Akatoa mzizi mwembamba, mweupe, wa kichaka tu.

"Karanga hazijakomaa hizo," mtu akasema nyuma, na vijana wakacheka.

Shimo la tatu alilichimba amepiga magoti. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye majivu. Ismaili akasema taratibu, "Mkaza mjomba, basi. Inatosha. Usijitie aibu." Alisema kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Shimo hilo nalo halikuwa na kitu. Afisa alitazama saa.

Ndipo Tatu akasema, "Hapo sipo."

Watu wakageuka.

"Hapo sipo," alirudia. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake. "Ni pale, kushoto kwa kile kisiki kilichopasuka. Kitambaa kilikuwa pale. Na kingine hapo penye kichuguu, upande wa huku. Na viwili pale vilipokaribiana."

"Wewe umejuaje?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilikuwa naviogopa. Kitu unachokiogopa huwezi kusahau kilipo." Akauachia mtandio. "Nilivihesabu kila siku kabla sijawasha moto."

Mama mkubwa hakumtazama. Alinyanyuka, akaenda kushoto kwa kisiki kilichopasuka, akaanza kuchimba, safari hii polepole, anakwangua kwa mkono. Mzizi ulikuwepo. Mnene kuliko ule aliouona mara ya kwanza. Akaukwaruza kidogo kwa chuma, utomvu mwekundu ukatoka, na wanawake wawili wakarudi nyuma.

Walichimba mahali patano alipoonyesha Tatu. Pote palikuwa na mninga. Afisa alichuchumaa akapima kwa futi yake, akasema hii si ya jana, hii ina miaka saba au minane, inajijenga chini kwanza, na mwaka mzizi ukitosha mti unapanda kwa mkupuo na moto hauuwezi tena. Vijana walisogea kutazama. Ismaili alichukua muo wa mama mkubwa, akausimamisha ndani ya shimo, akaweka kidole palipofika ardhi. "Kumbe unafika hapa," alisema. "Kina chake nusu ya paja." Nilikiona kidole chake. Mama mkubwa alikuwa anamjibu afisa, anatabasamu, kwa hiyo yeye hakukiona.

Mkutano ulifanyika Jumapili yake. Afisa aliandika kwamba miti inarudi. Lakini vijana walikuwa wengi na walikuwa wamekasirika, na mwenyekiti Nassoro ni mtu wa kuchaguliwa. Alisema mzizi si mti, lakini pia mzizi si bure, kwa hiyo tugawane: upande wa chini, karibu na bonde, ubaki msitu miaka mitano. Upande wa juu, wenye kichanga kizuri, ugawiwe. Mikono ikanyooshwa. Mama mkubwa hakuunyoosha wake wala hakupinga. Kati ya mininga sitini na kitu tuliyoifunga vitambaa, ya upande wa chini, kwa tulivyokumbuka mimi na yeye, haikufika kumi na tano.

Tatu alipata kipande chake. Ulipofika wakati wa kuitikia jina, aliitikia kwa sauti ndogo sana. Mtoto wake Pendo alipona, ilikuwa malaria. Siku hizi Tatu anatuletea makopa, anayaweka mlangoni na kuondoka, na mama mkubwa anayapika.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa kumi na mbili. Baada ya wiki kadhaa tulikwenda kutazama. Upande wa chini, kwenye majivu ya ule moto, mininga ilikuwa imetoka, myekundu kidogo kwenye ncha, ina majani mapya. Mmoja ulinifika kifuani. Mama mkubwa alisimama mbele yake muda mrefu. "Huyu amekata shauri," alisema.

Njia ya kurudi inapita juu. Ismaili alikuwa shambani kwake na vijana wawili. Kando kulikuwa na chungu ya mizizi, mingine minene kama mapaja, inatoka utomvu mwekundu juu ya nyasi. Hakuna aliyekata vijiti kwa panga kama zamani. Walikuwa wanachimba.

"Karibu, mkaza mjomba!" Ismaili aliita kwa furaha. "Umetuokoa wewe. Tungekata juu tu, ingekuwa inaturudia kila mwaka kama deni. Kumbe dawa yake ni kuing'oa huku chini."

Mama mkubwa alisimama. Alishika muo kwa mikono miwili.

"Ila huu unanishinda," Ismaili akaendelea, akaonyesha shimo miguuni kwake. "Nimeukata hapa, lakini sijui kama umekwisha. Wewe ndiye fundi. Hebu nitazamie."

Mama mkubwa akasogea. Akapiga magoti ukingoni, akatia mkono ndani, akapapasa. Na mimi nilikuwa nimesimama juu yake, naona. Ismaili alikuwa ameukata upande. Bega la mzizi, pale panapotoka vijiti, lilikuwa zima, linaingia ukutani mwa shimo. Mama mkubwa aliligusa kwa vidole vyake vyote.

"Umekwisha huu," alisema.

"Kweli?"

"Kwisha kabisa. Panda mkorosho wako pale, mbali kidogo, hapa udongo umechoka." Akainuka, akaanza kusukumia udongo ndani kwa mguu, taratibu, mpaka shimo likalingana na ardhi. Akakanyaga juu yake. "Na usiache mashimo wazi, Ismaili. Mjomba wako hakukufundisha?"

"Ahsante, mkaza mjomba."

Mama mkubwa tangu nimfahamu alikuwa hajawahi kudanganya, hata wapwa walipochukua shamba hakusema uongo wa kuwazuia. Sasa tupo mwezi wa pili. Mvua ni nzuri. Kila tukipita juu anatazama mbele, na kila tukipita mimi natazama mahali lilipokuwa lile shimo. Jana palikuwa na jani moja la mninga. Ismaili alikuwa anapalilia mistari mitatu kutoka pale, anakuja upande ule ule, na jembe lake ni kali.